Sinia Moja, Mtoto Mmoja Asiyeweza Kula: Namna ya Kuishi na Mzio wa Vyakula Vingi

Mzazi anapotoka hospitali akiwa na karatasi inayoeleza kwamba mwanawe ana mzio wa korosho, karanga na mayai, hurudi nyumbani na mambo mawili moyoni. La kwanza ni faraja. Yale mabaka ya ngozi, kule kutapika kwa ghafla na ule usiku ambao mtoto alihangaika kuvuta pumzi sasa vimepata jina. La pili ni wasiwasi. Nyumba yake imezungukwa na mikorosho, kinu chake kimetwanga karanga tangu siku alipoolewa, na mayai ya kuku wa uani ndiyo kitoweo cha siku ambayo hakuna kingine. Atampikia nini mtoto huyu? Atawaeleza nini wakwe, majirani na mwalimu wa darasa la awali? Na ikitokea mtoto akala kwa bahati mbaya, atafanya nini kabla hajafika zahanati?

Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo. Yameandikwa kwa ajili ya familia ambazo zimepata habari hiyo karibuni, na pia kwa ajili ya watu wazima waliogundulika na mzio ukubwani, jambo ambalo nalo hutokea. Vilevile yanawahusu jirani, mama lishe, mpishi wa sherehe na mwalimu wa zamu, kwa kuwa usalama wa mtu mwenye mzio haulindwi na jiko la nyumbani peke yake.

Mzio ni nini, na nini si mzio

Mfumo wa kinga ni mlinzi wa mwili. Kazi yake ni kuwatambua wadudu wanaoleta maradhi na kupambana nao. Kwa mtu mwenye mzio, mlinzi huyo huikosea protini ya chakula cha kawaida, akaiona kuwa adui. Hutengeneza kingamwili maalumu dhidi ya protini hiyo, na kila chakula hicho kinapoingia tena, seli fulani za mwili humwaga kemikali, mojawapo ikiwa histamini. Kemikali hizo ndizo zinazovimbisha midomo na macho, zinazotoa mabaka yanayowasha, zinazobana njia za hewa, zinazoleta kutapika, na pengine kuishusha presha ya damu kwa ghafla. Mara nyingi dalili huanza ndani ya dakika chache, na kwa kawaida hazichelewi zaidi ya saa mbili baada ya kula.

Wapo wanaosema kwamba haya ni maradhi ya kigeni yaliyoletwa na maisha ya kisasa. Ukweli ni kwamba sayansi imekuwa ikiyachunguza kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1902 wanasayansi wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walieleza jinsi mwili unavyoweza kushtuka vibaya unapokutana kwa mara ya pili na kitu ambacho mara ya kwanza haukukidhurika sana, na Richet alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Mwili wa mtoto wa mkulima hufuata kanuni zilezile za mwili wa mtoto wa mjini. Mara nyingi kinachokosekana vijijini ni mtu wa kuutambua mzio na kuutaja.

Hata hivyo, si kila chakula kinachomsumbua mtu kinamletea mzio, na ni muhimu kutenganisha mambo yanayofanana. Watu wazima wengi hujaa gesi na kuharisha wanapokunywa maziwa kwa sababu miili yao haiwezi kumeng'enya sukari ya maziwa. Hali hiyo inasumbua, lakini haizibi njia ya hewa. Samaki kama jodari na vibua wasipohifadhiwa kwenye barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao. Walaji huwashwa, huwa wekundu na huumwa kichwa, dalili ambazo hufanana sana na mzio. Dalili hizo zikiwapata watu kadhaa waliokula samaki mmoja, sababu ni samaki kuharibika. Zikimpata mmoja tu kila anapokula samaki, hata aliyevuliwa asubuhi hiyo, hapo yafaa kuuchunguza mzio.

Kwetu sisi wakulima wa korosho kuna mkanganyiko mwingine. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na kila mbanguaji anayajua madhara yake mikononi. Mtu aliyeungua kwa mafuta hayo kwa kawaida anaweza kula korosho iliyobanguliwa na kukaangwa bila shida. Kwa upande mwingine, mtoto ambaye hajawahi kuligusa ganda anaweza kuvimba uso kwa kipande kidogo tu cha korosho iliyokaangwa. Haya ni mambo mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Jinsi mzio unavyothibitishwa

Msingi wa uchunguzi ni maelezo ya mgonjwa au mzazi wake. Daktari atauliza ni chakula gani kililiwa, kiasi gani, dalili gani zilitokea, baada ya muda gani, na kama hali hiyo imewahi kujirudia. Kwa sababu hiyo, daftari dogo la nyumbani ambamo mzazi anaandika chakula, saa na dalili lina thamani kubwa kuliko kumbukumbu ya kichwani.

Baada ya maelezo huweza kufuata kipimo cha ngozi, ambapo tone la dondoo ya chakula huwekwa mkononi na ngozi ikachomwa kidogo, au kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za mzio. Vipimo hivi hufanyika katika hospitali kubwa chache, hivyo mara nyingi hupatikana kwa rufaa. Ni vyema kufahamu kwamba kipimo peke yake hakitoshi. Mtu anaweza kuonyesha alama kwenye ngozi kwa chakula ambacho amekuwa akikila miaka yote bila madhara. Katika hali ya namna hiyo hana sababu ya kukiacha. Ukipewa orodha ndefu ya vyakula, muulize daktari swali moja kwa kila chakula: “Je, hiki kimethibitika kumdhuru, au ni kipimo tu kimeonyesha?” Swali hilo limewaokoa watoto wengi na njaa isiyo ya lazima.

Jambo moja lisifanywe nyumbani kamwe, nalo ni kumpa mtoto kipande cha chakula kinachoshukiwa ili kuona kitakachotokea. Jaribio hilo lina nafasi yake katika uchunguzi, lakini hufanywa hospitalini, dawa za dharura zikiwa mezani.

Majuma ya kwanza: kulipanga upya jiko

Familia nyingi huanza kwa kuondoa kila kitu kwa hofu, kisha baada ya mwezi huchoka na kurudia mazoea ya zamani. Ni afadhali kuanza na mabadiliko machache yanayoweza kudumu.

Kwanza, tazama vyombo. Protini ya karanga haipotei kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Kinu kilichotwanga karanga jana kitaacha unga wake kwenye kisamvu cha leo, kwa sababu mbao ina nyufa zisizosafishika vizuri. Familia yenye uwezo itafute kinu kidogo na mwiko wa peke yake kwa chakula cha mtoto. Isiyo na uwezo iamue kwamba kinu cha nyumbani hakitwangi tena karanga, na kama ni lazima zitwangwe, zitwangwe kwa jirani. Sufuria, sahani na vijiko vya bati vikioshwa vyema kwa sabuni na maji hutosha.

Pili, tazama mikono. Maji matupu hayaondoi mabaki ya karanga wala korosho, na vitakasa mikono havisaidii. Kinachosaidia ni sabuni pamoja na maji yanayotiririka. Katika msimu wa kubangua, mama au baba anaweza kurudi na chembechembe za korosho mikononi na kwenye kanga au shati. Aoshe mikono na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto au kumlisha.

Tatu, ikumbukwe mashine ya kusaga. Unga wa lishe unaouzwa mitaani mara nyingi huchanganya mahindi, ulezi, soya na karanga. Mashine iliyotoka kusaga mchanganyiko huo itaacha mabaki kwenye debe la mahindi linalofuata. Nenda asubuhi mashine ikiwa imesafishwa, mweleze mwendeshaji sababu, na kilo ya kwanza ya unga wako iwe ya kuku au ya ndugu wasio na mzio.

Nne, tazama mafuta. Mafuta yaliyokaanga samaki au chipsi mayai hubeba protini za vyakula hivyo. Mtoto mwenye mzio wa samaki anaweza kudhurika kwa muhogo uliokaangwa kwenye karai hilohilo.

Vinavyolika ni vingi kuliko vinavyokatazwa

Hatari kubwa baada ya utambuzi ni mzio wenyewe, na inayofuata ni utapiamlo. Mtoto akiondolewa mayai, maziwa, samaki na karanga kwa mkupuo, akabaki na ugali na mchuzi wa nyanya, atadhoofu. Hivyo kila kinachoondolewa lazima kipate mbadala.

Protini ya mayai na karanga inaweza kupatikana katika maharage, kunde, choroko, mbaazi, nyama, kuku, maini na dagaa, ikiwa vyakula hivyo havimo kwenye orodha ya mtoto. Karanga ni ya jamii ya kunde, lakini wengi wenye mzio wa karanga hula maharage na kunde bila tatizo. Usivikataze kwa kudhani tu. Kuhusu njugumawe, muulize kwanza mtoa huduma. Mafuta ya karanga kwenye mboga yana mbadala mzuri wa tui la nazi au mafuta ya alizeti. Nazi huwadhuru watu wachache sana, na kisamvu kilichoungwa kwa tui hakina upungufu wowote.

Mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe asipewe ya mbuzi kama mbadala. Protini zake zinafanana mno, na wengi hudhurika vilevile. Hali ni hiyohiyo kwa mayai ya bata na kware kwa mtoto mwenye mzio wa mayai ya kuku. Madini ya kujenga mifupa hupatikana katika dagaa wanaoliwa na mifupa yao na katika baadhi ya mboga za majani. Anayenyonya aendelee kunyonya, na mama asijikatie vyakula vyake mwenyewe pasipo ushauri wa mtaalamu.

Kwa mwenye mzio wa ngano, meza yetu ya asili ni rafiki. Ugali wa mahindi, mtama au muhogo, wali, viazi vitamu, magimbi na ndizi havina ngano ndani yake. Uji wa asubuhi unaweza kupikwa kwa ulezi na mahindi, ukaongezwa tui la nazi, na maharage yaliyopondwa yakaliwa pembeni. Mtoto apimwe uzito kila mwezi kliniki, na mstari kwenye kadi yake ukianza kulala, ofisa lishe ahusishwe mapema.

Dukani na sokoni

Biskuti, chokoleti, sosi, supu za pakiti na mikate hubeba viungo visivyoonekana kwa macho. Vingi vya vyakula hivi vimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo mzazi ayajue maneno machache kwenye orodha ya viungo: “milk”, “whey” na “casein” yote huashiria maziwa, “egg” na “albumen” huashiria mayai, “peanut” na “groundnut” ni karanga, “cashew” ni korosho, “sesame” ni ufuta, “wheat” ni ngano. Asiyeweza kusoma amwombe kijana wa shule amsomee kabla ya kulipa. Soma kila mara unaponunua, hata kama ni pakiti unayoifahamu, kwa kuwa watengenezaji hubadili viungo bila kubadili picha. Kisicho na maandishi yoyote, kama kashata, visheti au keki za mtaani, kisinunuliwe kwa ajili ya mtoto huyu isipokuwa mpishi anafahamika na ameulizwa.

Dalili za hatari na hatua za kuchukua

Mabaka machache na kuwashwa mdomo ni onyo. Dharura ni pale dalili zinapogusa pumzi, mzunguko wa damu au fahamu: sauti kukauka, kukohoa mfululizo, mluzi kifuani, ulimi kuvimba, kutapika mara kwa mara pamoja na mabaka, kizunguzungu, ngozi kuwa baridi, mtoto kulegea au kuzimia. Hali hiyo inaweza kuua kwa muda mfupi. Zingatia hatua hizi:

1. Muondolee chakula mdomoni, na usimpe kitu kingine cha kula wala kunywa.

2. Mlaze chali na uiinue miguu yake. Akipumua kwa shida, aketi akiwa ameegemea. Akiwa anatapika au amezimia, alale ubavu. Asisimamishwe wala kutembezwa, kwa kuwa kusimama ghafla kunaweza kuusimamisha moyo wake.

3. Mpeleke mara moja kwenye kituo cha karibu chenye mtoa huduma. Abebwe, asiendeshe baiskeli wala kutembea. Ikiwa usafiri ni bodaboda pekee, mtu mzima mwingine akae nyuma akimshika.

4. Ukifika, anza kwa kusema: “Ana mzio wa chakula, amekula kitu fulani, na anapumua kwa shida.” Usingoje foleni. Dawa inayookoa maisha ni adrenalini, ambayo huchomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Ni dawa ya miaka mingi iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ikiwa umepewa sindano ya kujichoma na daktari, itumie kwanza, ndipo usafiri.

5. Hata akipata nafuu, abaki chini ya uangalizi kwa saa ambazo mtoa huduma ataelekeza, kwa sababu dalili zinaweza kurudi baadaye bila kula tena.

Yapo mazoea mawili yanayohatarisha. Moja ni kumpa maziwa mtu anayedhaniwa amekula sumu. Maziwa hayazuii mzio, na kwa mtoto mwenye mzio wa maziwa ni kumwongezea moto. La pili ni kumpa vidonge vya mzio kisha kungoja. Vidonge hivyo hupunguza kuwashwa, lakini haviwezi kufungua njia ya hewa wala kuinua presha iliyoshuka. Mtoto mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta wakati wote, kwa kuwa pumu isiyodhibitiwa huufanya mzio kuwa mkali zaidi.

Sinia, sherehe na majirani

Katika mila zetu chakula ni undugu. Tunakula sinia moja, tunapelekeana futari, na kukataa chakula cha mwenyeji huonekana ni dharau. Hapa ndipo familia nyingi hupata shida ambayo hospitali haikuitaja.

Bibi wa mtoto anaweza kusema, “Mwanangu, sisi wote tumekulia karanga, mbona hatukufa?” Bibi haongei kwa ubaya. Anasema alichokiona maishani mwake. Kumbishia mbele ya watu hakumfanyi akubali. Njia iliyo bora ni kumwomba aongozane na mtoto kliniki, asikie kwa masikio yake kutoka kwa daktari, kisha apewe heshima ya kuwa mlinzi wa chakula cha mjukuu wake. Mama mkwe akisema kwenye shughuli kwamba mtoto huyu hapewi kashata, hakuna atakayempinga. Lakini akilisikia katazo hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mkwewe mbele ya wageni, atalichukulia kuwa tusi.

Kwenye sinia, mtoto apakuliwe kwanza, kabla mikono mingine haijagusa chakula, naye ale kwenye sahani yake akiwa ameketi pamoja na wenzake. Kumtenga pembeni si lazima, na humfanya ajione mwenye kosa. Kwenye harusi au msiba, mzazi azungumze na mpishi mapema, na abebe chakula cha akiba. Mtoto naye, tangu akiwa na miaka mitatu au minne, afundishwe kusema kwa adabu: “Asante bibi, lakini mimi sili korosho, zinaniumiza.”

Kuna jambo zito zaidi ambalo halisemwi hadharani. Mzio humpata mtu mmoja kati ya watu ishirini waliokula chungu kimoja. Kwa asiyeujua, picha hiyo hufanana sana na kulishwa sumu au kurogwa. Mtoto huvimba uso nyumbani kwa jirani, wengine wote wako salama, na kabla jua halijatua jina la jirani limeshachafuka. Undugu wa miaka mingi unaweza kuvunjika kwa kipande cha kashata kilichotolewa kwa mapenzi. Ieleweke kwamba dalili kumpata mmoja tu, wengine wakiwa wazima, ni mojawapo ya alama za mzio wenyewe. Familia ambayo iliwahi kumshuku mtu, kisha hospitali ikaeleza sababu, ina deni la kwenda kwake, kumwonyesha karatasi na kumwomba radhi. Ziara hiyo ni sehemu ya tiba, maana jirani aliyerejeshewa heshima yake ndiye atakayekuwa wa kwanza kuwazuia watoto wake wasimpe mwanao korosho.

Shuleni

Mzazi asingoje mpaka tukio litokee. Kabla ya muhula kuanza, amwone mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, na awakabidhi karatasi yenye mambo manne: jina la mtoto na vyakula vinavyomdhuru, dalili zake za mwanzo, hatua za kuchukua, na namba za simu za wazazi pamoja na jina la kituo cha afya kilicho karibu. Nakala moja ibaki jikoni kwa mpishi wa uji. Kamati ya chakula ya shule ielezwe kwamba uji usio na karanga kwa wanafunzi wote mara nyingi ni rahisi kuuandaa kuliko sufuria mbili. Walimu wawaeleze wanafunzi bila kumtaja mtoto kama kichekesho, kwa kuwa mtoto anaweza kutishwa au kupakwa karanga kwa mzaha, na mzaha huo unaweza kumwua.

Je, mzio huisha?

Jibu hutegemea chakula. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa na mayai huachana nao kadiri wanavyokua. Kwa karanga, ni takriban mtoto mmoja kati ya watano. Mzio wa korosho, samaki na kamba mara nyingi hudumu hadi utu uzima. Kwa hiyo orodha ya mtoto si hukumu ya maisha, bali ipitiwe upya na daktari kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Yapo matibabu ya kumzoesha mtu chakula kwa vipimo vidogo sana, lakini hutolewa na wataalamu kwa uangalizi wa karibu. Mzazi anayejaribu kumzoesha mtoto jikoni kwake anahatarisha uhai wake.

Wazazi huuliza pia kuhusu mdogo wake atakayezaliwa. Zamani ushauri ulikuwa kuchelewesha karanga. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015, ukihusisha watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata mzio, ulionyesha kinyume. Walioanza kula karanga wakiwa wachanga walipata mzio huo kwa uchache sana kuliko waliokatazwa. Hivyo mtoto mdogo, baada ya kutimiza miezi sita ya maziwa ya mama pekee, asinyimwe vyakula kwa sababu tu kaka yake ana mzio. Mzazi azungumze kwanza na mtoa huduma, hasa mtoto akiwa na ukurutu mkali, na karanga zitolewe zikiwa zimesagwa laini ndani ya uji, kamwe zisitolewe nzima, kwa hatari ya kumpalia. Tahadhari ibaki kwenye vyombo vya kaka yake.

Mahali pa kuanzia

Mlango wa kwanza ni zahanati ya kijiji au kituo cha afya cha kata. Hapo mzazi aeleze dalili, aonyeshe daftari lake, na aombe rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya pale inapohitajika. Aulize pia maswali mawili ya wazi: je, kituo hiki kina adrenalini, na nani yuko zamu usiku? Jibu litamsaidia kupanga safari ya dharura kabla ya dharura yenyewe. Aliye na kadi ya bima aihuishe mapema, asisubiri ugonjwa.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuitembelea nyumba na kusaidia kulipanga jiko. Ofisa lishe wa halmashauri hutoa ushauri wa mbadala wa vyakula, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ni nafasi nzuri ya kumpima mtoto na kuuliza maswali bila kufunga safari. Katika kila huduma, ikiwemo chanjo, mzazi ataje mzio wa mtoto. Mtoto mwenye mzio wa mayai hupata chanjo ya surua kwa usalama, ila chanjo ya homa ya manjano huhitaji mtoa huduma ajulishwe kwanza, kwa kuwa hutengenezwa kwa kutumia mayai ya kuku.

Ndugu mkazi, familia iliyopokea karatasi ile leo haitakuwa na hofu hiihii mwakani. Kinu kitakuwa kimepata mahali pake, bibi atakuwa amekariri orodha, na mtoto atakuwa anakula sinia moja na wenzake, sahani yake ikiwa mbele yake. Mpaka siku hiyo ifike, familia hiyo inahitaji jambo dogo kutoka kwetu sote. Kabla hujampa mtoto wa mwenzio chakula, hata kwa mapenzi, muulize kwanza mzazi wake.